Upepo wa Pikapu ya Shangazi

Masaki, Kisarawe
17 Machi 2024

Mwanangu Khalfani,

Nakusalimu kwa heri ya mwezi huu mtukufu. Huku tunafunga vizuri, na mvua inatusaidia, maana jua lilikuwa limeanza kutunyonya. Mihogo ya juu imeitikia, ya bondeni imekula maji. Jirani yetu Mzee Mwinyijuma amemwoza binti yake wa mwisho, na sasa amebaki peke yake. Kila jioni analeta bakuli lake hapa na kusema amepita tu. Namfuturisha, nifanyeje. Nuria hajambo? Nilipoongea naye sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa. Nikasema labda ni swaumu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Mtandao wa hapa nyumbani unakata kila nikifika penye maana. Sadick anapeleka mihogo Kibaha kila wiki, nimemwambia apite kwako Sofu akupe mkononi.

Suala ni ile mashine ya upepo uliyotufungia kwenye pikapu. Siku za kwanza nilikuombea dua. Unalijua lile bonde la mchanga la kwenda ng'ambo: ukiingia na matairi magumu unazama, ukiyapunguza upepo yanalala, yanakanyaga kwa upana, unapita. Shida ilikuwa kuyajaza tena ukitokea kwenye barabara ya mawe. Sasa mtu anachomeka mipira minne kwenye matairi manne, anafungua programu kwenye simu, anaandika thelathini na tano, anakaa pembeni kama bibi harusi, mashine inafanya kazi.

Lakini hivi karibuni imeingiwa na ukaidi. Inanguruma kidogo, inazima. Simu inaandika imeungana, punde inaandika haijaungana, kama mchumba asiyejua analotaka. Na tairi la nyuma kushoto halifiki kamwe namba iliyoandikwa. Gari linaendeshwa vizuri, usiwe na wasiwasi, ila unajua watu wa ng'ambo wakipata mgonjwa hawana usafiri mwingine mvua zikiwa kubwa. Nieleze tufanyeje, tena polepole, kama unamweleza mtu aliyezaliwa kabla ya simu.

Shangazi yako,
Zena


Sofu, Kibaha
6 Aprili 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia, nilibanwa kidogo. Huku tunamshukuru Mungu. Daraja dogo la mtaani kwetu limechukuliwa na maji, kwa hiyo alfajiri nikienda kazini Dar navuka na viatu mkononi na soksi mfukoni. Mwenye duka wa pale kona ameweka ndoo ya maji na kitambaa, wapitaji tunaosha miguu kwake, na ukishaosha miguu kwa mtu huwezi kuondoka bila kununua kitu. Biashara imemkubali. Nuria yupo, anakusalimu sana. Amepumzika kazini kwa muda.

Kuhusu mashine. Kuzima kwake nadhani ni njaa ya umeme. Ile pampu inakula sana. Mwambie dereva wako Husseini asiiwashe pampu injini ikiwa imezimwa. Gari liwe linanguruma, na akanyage mafuta kidogo. Kisha afungue boneti atazame vichwa vya betri. Vikiwa na ule unga mweupe avimwagie maji ya moto, avisugue, avikaze. Na ikishajaza matairi mawili aiache ipumzike. Ikipata joto inajizima yenyewe ili isiungue, huo si ukaidi, ni akili.

Kuhusu kuungana na kutoungana: mashine inasikiliza simu moja tu. Kama simu yako na ya Husseini zote zina ile programu na zote ziko karibu, zinagombania. Moja izimwe blututhi.

Hili la tairi la nyuma kushoto sijalielewa bado. Fanyeni majaribio hayo kwanza, kisha chukueni maji ya sabuni yenye povu, mpake pale mpira unapoingia kwenye tairi wakati mashine inajaza. Penye kuvuja patachemka kama uji.

Ukipata mbilimbi, Shangazi, mpe Sadick kidogo. Huku sokoni zimeadimika. Ni za kachumbari tu.

Mwanao,
Khalfani


Masaki
21 Aprili 2024

Khalfani mwanangu,

Idi imekwenda vizuri, natumaini na kwenu. Nilipika pilau, Mzee Mwinyijuma akala sahani ya tatu huku akilalamika kwamba ina pilipili manga nyingi. Mvua hizi hazijapata kuonekana. Choo cha shule kimedidimia, bahati ilikuwa likizo. Kuku wangu mweusi ametotoa mlangoni pa jiko na sasa ananitoza ushuru wa kudonolewa kila nikiingia.

Betri ilikuwa kama ulivyosema. Vichwa vyote viwili vimeota unga. Vimesuguliwa, vimekazwa, na pampu sasa inakwenda bila kukata. Simu nimebakiza moja, hii yangu. Nilipoona imeungana na ikakaa, nilishangilia peke yangu barabarani mpaka mpita njia akanipa pole.

Povu nalo limefichua mengi. Tairi la nyuma kushoto lenyewe ni zima. Panapovuja ni kwenye kichwa cha mpira wake: ile ringi nyeusi ya ndani imechanika upande, na mchanga umejaa humo. Nadhani ni siku ile niliposhusha upepo upande wa ng'ambo, nikauacha mpira chini kwenye mchanga nikimsaidia mtu kupakia magunia. Nimeifunga kwa uzi na kipande cha puto. Inavuja bado, ila kwa adabu.

Mbilimbi hizi hapa, ndoo nzima. Nimechuma zilizokomaa na changa pia, maana kuna wanaopenda zile kali zaidi. Halafu kwa kuwa umenieleza habari ya daraja: maji yakiwa mbali, ndoo achote mwanamume. Wanawake wa siku hizi wana migongo dhaifu. Nasema tu.

Zena


Sofu
5 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mbilimbi zimefika, na ndoo nimempa Sadick airudishe. Asante sana. Zimeisha siku nne, na kachumbari yenyewe sijaiona.

Nimemtumia Sadick mfuko mdogo. Ndani kuna ringi sita za mpira. Itoeni hiyo mbovu kwa ncha ya sindano, msafishe ndani kwa kitambaa kikavu, mweke mpya na kuipaka mafuta ya nazi kidogo tu. Hilo litakuwa limekwisha. Pia watengenezaji wametoa toleo jipya la programu; ukiwa penye mtandao mzuri, lisasishe. Nimesoma kwamba linapunguza kule kukatika.

Sasa niruhusu nikuulize jambo, na unisamehe kama naonekana nimekosa adabu. Barua yako ya kwanza gari "linaendeshwa". Ya pili vichwa vya betri "vimesuguliwa", "vimekazwa". Halafu ghafla: "niliposhusha upepo". Na Husseini humtaji, hata salamu zake huleti, na yule mzee alivyo na maneno! Simu imebaki moja, "hii yangu".

Shangazi, nani anaendesha pikapu?

Nauliza kwa sababu nilipofunga mashine nilimfungia Husseini, mtu aliyeendesha malori nusu ya maisha yake. Sikuifunga ili wewe, na goti lako lile, uingie peke yako kwenye bonde ambalo vijana wanalikwepa. Baba angekuwa hai angenilaumu mimi. Nijibu, tafadhali.

Nuria anakusalimu. Hana tatizo lolote.

Khalfani


Masaki
26 Mei 2024

Mwanangu,

Mvua zimepungua na njia zinaonekana tena. Vifaranga wamebaki saba, mwewe amechukua wake. Mimi ni mzima, goti nalo ni zima, linauma likikaa tu. Likikanyaga klachi linasahau.

Umeshajibiwa.

Husseini alihamia Soga tangu mwanzo wa mwaka. Binti yake ana genge karibu na stesheni mpya ya treni, akamwita akae naye, na mtu wa umri ule akiitwa na mwanawe haulizi mara mbili. Ila kabla ya kuondoka alinifundisha. Asubuhi baada ya asubuhi, kwenye uwanja wa shule, kisha barabara kuu, kisha bonde. Leseni ninayo, picha yangu humo nimenuna kama niliyekamatwa. Sikukwambia kwa sababu ungeniambia nisubiri apatikane dereva. Nimekuwa mkunga tangu ujana wangu, Khalfani, na nimeona wanawake wangapi wakisubiri apatikane dereva. Sitaki kuwahesabu.

Sasa sikia yaliyonipata Jumamosi iliyopita.

Saa nne asubuhi alikuja mtu kwa pikipiki kutoka ng'ambo. Firdausi, mke wa yule fundi cherehani, ana uchungu, mimba ya kwanza, na kumpakia kwenye pikipiki haiwezekani. Nikaondoka. Ringi mpya nilishaiweka, na jana yake nilikuwa mjini Kisarawe, nikasasisha programu kama ulivyoagiza. Nikafika mwanzo wa bonde, nikachomeka mipira, nikafungua simu. Programu ikaniuliza mimi ni nani. Ikasema imetuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mwenye akaunti. Mwenye akaunti ni wewe.

Nikapanda kilimani penye mtandao nikakupigia. Simu imezimwa. Nikapiga ya Nuria. Imezimwa.

Sikukaa. Niliokota kijiti nikabonyeza sindano za matairi moja moja, nikishusha upepo kwa kusikiliza sauti na kupima kwa macho. Nikavuka. Nikampakia Firdausi kiti cha nyuma pamoja na mama mkwe wake, Bi Saida, nikavuka tena kurudi. Sasa tupo kwenye mawe, matairi yamelala, mashine ipo mbele yangu nzima kabisa na haitaki kunitambua. Ukikimbiza gari hivyo unalikata tairi pembeni, na la akiba ninalo moja tu. Nikaenda mwendo wa mtu anayesindikiza wageni. Bi Saida akasema, "Zena, ongeza." Nikamwambia, "Nikiongeza tutalala hapa." Akaanza kusoma dua kwa sauti, na mwendo wa dua ukawa mwendo wa gari.

Hatukufika. Nilipomsikia Firdausi anavuta pumzi kwa ile namna, nilijua. Nikasimamisha gari pembeni, chini ya mikorosho, nikaosha mikono kwa maji ya rejeta, yaani yale ya dumu ya akiba, nikaingia nyuma. Mvua ilikuwa inapiga bati la gari hatusikilizani. Bi Saida akamshika mabega. Firdausi akaniambia, "Mama, naogopa." Nikamwambia, "Na mimi pia, tusukume." Mtoto wa kiume. Alilia kabla hajatoka mzima. Nilimweka kifuani kwa mama yake, nikawafunika kwa kanga yangu na ya Bi Saida, nikarudi kwenye usukani, tukaenda polepole mpaka kituo cha afya. Nesi alitoka na machela akatukuta tunacheka watu wazima wote.

Wote wazima. Matairi pia.

Sikuandikii kukulaumu. Lakini simu zenu zote mbili, Jumamosi, saa nne asubuhi. Sikuulizi. Nakwambia tu kwamba nilipiga.

Zena


Sofu
9 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, Sadick akisubiri nimpe maji ya kunywa. Nilimsahau mpaka akajichotea mwenyewe.

Jumamosi ile saa nne tulikuwa hospitali. Nuria ana mimba. Alfajiri aliona damu. Nilizima simu zote mbili kwa sababu sikutaka mtu yeyote apige, aseme hamjambo, na mimi niseme hatujambo. Tulikaa pale mpaka alasiri. Wakampima, wakatusikilizisha mapigo ya moyo wa mtoto. Shangazi, yanakwenda mbio kama cherehani. Daktari akasema mtoto yupo salama, mama alale, asiinue kitu, arudi kila baada ya wiki mbili. Tangu hapo hajaona damu tena.

Hatukuwaambia kwa sababu zile mimba mbili za mwanzo tulizitangaza mapema. Unakumbuka. Mara ya pili watu walikuja kutupongeza wakati tumeshapoteza, na Nuria akawapikia chai kwa kushindwa kuwaambia. Safari hii alinisihi nisimwambie mtu, hata wewe. Nikaapa. Lakini juzi nilimsomea habari ya Firdausi chini ya mikorosho. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwandikie shangazi. Mwambie aje."

Kuhusu programu, kosa ni langu: niliiandikisha kwa namba yangu nikasahau. Nimeshaihamishia kwako. Ukiifungua itatuma namba za uthibitisho kwenye simu yako mwenyewe, uziandike, basi. Kuanzia leo mwenye mashine ni wewe. Mimi hata nikitaka kuijua ina upepo kiasi gani, siwezi.

Na kuhusu kuendesha, nimefuta maneno matatu niliyokuwa nimeyaandika hapa. Njoo kwa njia unayoiona inafaa.

Khalfani


Masaki
13 Juni 2024

Khalfani na Nuria wanangu,

Alhamdulillah. Sina la kuongeza juu ya hilo, na sitapiga kigelegele mpaka wakati wake.

Nilijua tangu mbilimbi, mwanangu. Hakuna kachumbari duniani inayotaka ndoo. Lakini mlango ukifungwa na wenyewe, mpita njia hagongi.

Nuria alale kwa ubavu wa kushoto, ale anachokitamani ilimradi si udongo, na asimruhusu mtu yeyote kumsimulia habari za mimba za watu wengine. Hata mimi nikianza, aninyamazishe.

Namba za uthibitisho zimekuja kwangu. Nimezijaza. Simu ikaandika "Karibu, Zena." Nikaitikia.

Baada ya Idi ya kuchinja nakuja. Vifaranga nimemkabidhi Mzee Mwinyijuma, amefurahi kupata sababu ya kushinda hapa. Nitaendesha mwenyewe, mchana, kwa mwendo wangu. Msinipigie nikiwa njiani.

Zena


Sofu
3 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Najua tumeongea kwa simu mara nyingi tangu Mwajuma azaliwe, na kigelegele chako cha Ijumaa ile kilisikika wodi nzima, maana niliweka spika bila kujua. Lakini Nuria anasema mambo mengine lazima yaandikwe.

Mtoto anaongezeka. Ana mashavu ya baba na hasira ambazo sijui amezitoa wapi. Akilia, mwenye duka wa kona anauliza kama nimenunua king'ora. Mama yake ameanza kutembea uani, anaimba, anagombana na mimi kuhusu chumvi; yaani amerudi. Bado anazizungumzia zile wiki sita ulizokaa nasi. Anasema kulikuwa na siku alipokuwa akiamka na hofu, anakusikia jikoni unagombana na jiko la gesi, anarudi kulala.

Arobaini inakaribia na tungependa tuifanyie huko Masaki, kwenye nyumba yenu, pale alipozaliwa baba. Nilitafuta gari zuri la kukodi, lenye kiyoyozi na dereva mzoefu. Nilimwambia Nuria kwamba barabara ya kuingia huko ina mashimo na mtoto ni mdogo, tunahitaji mtu wa kuaminika. Akaniangalia, akasema, "Ndiyo. Kwa hiyo umeshamwandikia shangazi?"

Kwa hiyo nakuandikia. Tafadhali njoo utuchukue.

Mwanao,
Khalfani


Masaki
7 Novemba 2024

Khalfani,

Korosho zimeanza kudondoka na kila mtu ana mikono myeusi, mimi nikiwemo. Nyumba imepakwa chokaa. Bi Saida na Firdausi wataleta nazi, na yule bwana aliyezaliwa njiani atakuja pia, ameshaota meno mawili.

Jumamosi ya tarehe kumi na sita asubuhi nitakuwa mlangoni kwenu. Gari limepimwa, matairi ni mapya mawili ya nyuma, na upepo nitaulainisha kidogo tukiiacha lami ili mtoto asitikisike. Mwajuma na mama yake wapande nyuma, kiti cha kulia, jua la asubuhi halitawapiga. Nguo za mtoto ziwe juu juu, si chini ya mizigo.

Wewe utakaa mbele, mikono mapajani. Nilikuona siku ile tulipokwenda sokoni, ulivyokuwa ukisukuma sakafu kwa mguu kila nikikaribia kona. Sipendi abiria anayekanyaga breki ambayo haipo.

Shangazi yako,
Zena